Game of Thrones: Mwisho Uliokosa Njia

Usiku wa Jumapili, tarehe 19 Mei 2019, watu milioni 19.3 nchini Marekani walitazama sehemu ya 73 na ya mwisho ya Game of Thrones. Ilipoanza kuonyeshwa Aprili 2011, sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu kama milioni 2.2 tu. Huku Afrika Mashariki ilikuwa imeshaingia Jumatatu, saa 10 alfajiri, na wapo walioamka saa hiyo na kazi inawasubiri asubuhi, ili tu wasije wakasimuliwa kabla hawajajionea. Wengine walisubiri flashi izunguke mtaani. Tamthilia inayomtoa mtu kitandani Nairobi na Dar es Salaam saa ile ile inayomweka sebuleni mtu wa New York si jambo dogo, na kuvunjika moyo kulikofuata nako hakukuwa kudogo.

Tangu wakati huo yamekuwa yakitolewa majibu mawili mepesi. La kwanza linawalaumu mashabiki: walitaka harusi, walitaka kipenzi chao akalie kiti cha enzi, wakanyimwa, wakanuna. La pili linawalaumu waandishi wakuu, David Benioff na D. B. Weiss: walichoka wakalipua kazi. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yanapita pembeni. Ukiwasikiliza mashabiki kwa makini, kisha ukairudia tamthilia yenyewe tangu mwanzo, unaona kwamba malalamiko mazito hayakuhusu nani alikufa wala nani alitawala. Yalihusu sababu. Kwa miaka mingi tamthilia hii iliwazoesha watu kuona tendo likizaa tendo mbele ya macho yao. Ilipofika msimu wa nane, sababu ziliondolewa ndani ya hadithi zikapelekwa kwenye mahojiano ya waandishi baada ya kipindi.

Tuanze na walivyozoeshwa. Ned Stark alikatwa kichwa katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, tarehe 12 Juni 2011, na mtu asiyesoma vitabu alipigwa na butwaa kwa sababu alidhani huyu ndiye mhusika mkuu. Lakini rudi nyuma uangalie. Ned aligundua kuwa watoto wa malkia Cersei hawakuwa wa mfalme. Badala ya kwenda moja kwa moja kwa mfalme, alimfuata Cersei mwenyewe akamwambia anachokijua, ili ampe nafasi ya kukimbia na watoto wake. Alifanya hivyo kwa huruma. Cersei aliitumia nafasi hiyo kumwangamiza. Huruma ya Ned ndiyo iliyompeleka kwenye upanga, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo ambayo hatukuonyeshwa.

Kisa cha mwanawe Robb kinaonyesha jambo hilo vizuri zaidi, kwa kuwa kilichukua misimu mitatu. Robb anahitaji kuvuka mto na jeshi lake, na daraja liko mikononi mwa mzee mwenye kinyongo, Walder Frey. Mama yake, Catelyn, anaingia ngomeni kujadiliana bei, na bei yenyewe ni kwamba Robb amwoe binti mmoja wa Frey. Anakubali, anavuka, anashinda vita. Msimu wa pili anampenda Talisa na kumwoa kinyume cha ahadi. Msimu wa tatu anarudi kwa Frey na mjomba wake kama bwana harusi wa kufidia. Wanakula, wanakunywa, bibi na bwana harusi wanasindikizwa chumbani. Milango inafungwa. Wapiga muziki wanabadilisha wimbo, na Catelyn anaujua wimbo huo ni wa ukoo gani. Anamtazama Roose Bolton aliyekaa karibu naye, anaipandisha juu mikono ya nguo yake, na chini ya kitambaa cha karamu anakuta vazi la chuma. Hapo ndipo anapoelewa, na sisi tunaelewa pamoja naye, sekunde chache kabla ya visu.

Mwaka 2013 watu walijirekodi wakipiga mayowe mbele ya televisheni kwa ajili ya sehemu hiyo. Walilia, walikasirika, wengine waliapa kuacha kutazama. Hakuna aliyesema haikustahili kutokea. Daraja, ahadi, ndoa ya siri, kinyongo cha mzee: kila kitu kilikuwa kimewekwa wazi. Hadithi ilikuwa katili kwa haki, na kwa sababu hiyo watu walirudi wiki iliyofuata.

Sasa tazama sehemu ya nne ya msimu wa nane. Daenerys Targaryen, malkia anayekidai kiti cha enzi, anaruka juu ya bahari na majoka wake wawili waliobaki, hali ya hewa ni safi, meli zake ziko chini. Ghafla mishale mikubwa mitatu inampiga joka Rhaegal, mmoja baada ya mwingine, naye anatumbukia majini. Meli za adui yake Euron Greyjoy zilikuwa zimejificha nyuma ya mwamba, na aliyekuwa angani hakuziona. Katika maelezo yaliyorushwa baada ya kipindi, Benioff alisema kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau meli hizo. Lakini katika sehemu hiyo hiyo, kwenye kikao cha vita, meli hizo zilikuwa zimetajwa mbele yake. Wiki moja baadaye, mishale ile ile ambayo haikukosa shabaha inashindwa kumgusa joka aliyebaki, Drogon, anayeziteketeza meli zote pamoja na silaha zote za ukutani kana kwamba ni mabua. Kilichokuwa kimebadilika ni mahitaji ya waandishi tu: wiki ya kwanza walihitaji joka afe, wiki ya pili walihitaji joka ashinde.

Ni rahisi kumdharau shabiki anayelalamikia mambo kama hayo na kumwambia kwamba katika hadithi yenye majoka asitafute mantiki. Mimi sikubaliani na dharau hiyo. Majoka ni jambo tunalokubali mara moja, mwanzoni, kisha tunadai kila kingine kifuate kanuni zake. Msafara wa mfalme Robert ulipofika Winterfell, nyumbani kwa akina Stark, katika sehemu ya kwanza, ulikuwa umekaa njiani mwezi mzima, na mwezi huo ulitufanya tuamini kwamba Westeros ni nchi kubwa. Katika msimu wa saba, Gendry anakimbia hadi kwenye Ukuta wa kaskazini kuomba msaada, kunguru anapeleka ujumbe kwa Daenerys huko Dragonstone, naye anafika na majoka wake kaskazini kabisa kabla kundi la akina Jon Snow halijamalizwa na maiti waliolizingira. Nchi ilisinyaa. Na kwa mtazamaji aliyeona nchi imesinyaa, kila uamuzi wa kivita unaanza kuonekana wa bahati nasibu.

Kwa nini ilisinyaa? Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ukawa na 7, wa nane 6. Fedha hazikuwa tatizo. Gharama ya kila sehemu ya msimu wa mwisho ilikadiriwa kufika dola milioni 15, na kituo cha HBO kilikuwa tayari kuongeza sehemu. Benioff na Weiss ndio waliotaka ifungwe pale, wakisema tangu zamani kwamba hadithi yao ina urefu wa saa 70 hivi. Februari 2018, kabla msimu huo haujaonyeshwa, ilikuwa imeshatangazwa kwamba watatengeneza filamu za Star Wars, kazi waliyojitoa Oktoba 2019. Mashabiki walijumlisha moja na moja wakasema jamaa walikuwa na haraka ya kuondoka. Kilichokuwa moyoni mwao wanakijua wenyewe, ila kazi yenyewe inaonyesha haraka. Watu wanafika mahali bila kusafiri, na wanabadilika bila kuonekana wakibadilika.

Upande wa pili wa kisa hiki uko Santa Fe, New Mexico, anakoishi George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa tamthilia hii. Kitabu cha kwanza cha mfululizo huo kilitoka 1996, cha tano, A Dance with Dragons, kikatoka Julai 2011, miezi michache baada ya tamthilia kuanza. Cha sita, The Winds of Winter, ndicho kilichotakiwa kuwatangulia watayarishaji. Januari 2016 Martin alitangaza kwamba hakitawahi msimu wa sita, na tangu hapo tamthilia ilikuwa mbele ya vitabu. Benioff na Weiss walikuwa wamemtembelea mwaka 2013, akawasimulia mambo makuu ya mwisho. Kwa hiyo walijua wanakokwenda. Walichokosa ni kurasa elfu kadhaa za kuwafikisha huko.

Martin mwenyewe amezoea kuwagawa waandishi mafungu mawili, wasanifu majengo na watunza bustani, na anajihesabu katika watunza bustani: anapanda mbegu, anaona inavyoota. Misimu ya mwanzo ilitokana na bustani hiyo. Hata yeye aliandika sehemu moja ya kila msimu katika ile minne ya kwanza, ikiwemo ile ya vita vya Blackwater, kisha akaacha ili amalize kitabu. Baada ya hapo wasanifu walibaki na ramani ya paa bila nguzo. Nadhani hapa ndipo penye kosa la msingi, na nalisema huku nikikiri ugumu wa kazi yao: walichagua kufika kwenye mwisho wa Martin bila njia ya Martin. Wangeweza kubuni mwisho wao. Japani kulitokea jambo kama hili. Tamthilia ya katuni ya Fullmetal Alchemist ilianza 2003 wakati Hiromu Arakawa bado anachora hadithi yake. Watayarishaji walipoona hadithi haijaisha, waliipindisha ya kwao mapema, wakaipa mwisho wake uliotokana na njia yake. Mwaka 2009 ikatengenezwa nyingine iliyofuata michoro ya Arakawa hadi tamati. Hadi leo mashabiki wanabishana ipi nzuri zaidi, na huo ni ubishi wa watu wanaozipenda zote mbili.

Twende kwa Daenerys, maana hakuna jambo lililoumiza kama lake. Katika sehemu ya tano ya msimu wa mwisho, iliyoonyeshwa tarehe 12 Mei, mji mkuu, King's Landing, unasalimu amri. Kengele zinalia. Daenerys amekaa juu ya Drogon, kwenye ukuta, ameshashinda. Tunamwona uso wake unavyokunjamana akiitazama ngome ya Red Keep kwa mbali. Kisha anaruka, na kuanzia hapo anachoma mitaa, barabara kwa barabara, watu ambao hawajamfanyia lolote.

Wako wanaosema dalili zilikuwepo, na ni kweli. Alimchoma mganga Mirri Maz Duur akiwa hai katika msimu wa kwanza. Aliwachoma makhal, viongozi wa Dothraki, ndani ya hekalu lao. Alimchoma Randyll Tarly na mwanawe kwa kukataa kupiga magoti. Huko Meereen aliwasulubu mabwana 163, mmoja kwa kila mtoto wa kitumwa waliyemsulubu wao njiani. Lakini wote hao, kwa macho yake, walikuwa maadui au wadhalimu. Na dalili za upande wa pili zilikuwa nyingi vilevile, tena moja yao ni nzito kuliko zote. Mwishoni mwa msimu wa nne anakuja mbele yake mchungaji amebeba bahasha ya kitambaa. Anaifungua, na ndani mna mifupa iliyoungua. Ni ya binti yake wa miaka mitatu, aliyechomwa na Drogon. Daenerys, asiyeweza kumpata Drogon, anawachukua majoka wengine wawili, wanyama anaowaita watoto wake, anawashusha kwenye pango chini ya mji, anawafunga minyororo shingoni kwa mikono yake na kuondoka huku wakimlilia. Alifanya hivyo kwa ajili ya mtoto mmoja wa mtu asiye na cheo.

Kutoka kwa malkia huyo hadi kwa yule wa King's Landing kuna safari. Inawezekana kuisafiri, binadamu wanabadilika kuliko hivyo. Msimu wa nane ulikuwa na vifaa vyote vya safari hiyo. Jorah, mlinzi wake, amekufa. Rhaegal amekufa. Missandei, rafiki yake wa karibu, amekatwa kichwa mbele yake. Varys, mshauri wake, amemsaliti. Jon, anayempenda, ana haki ya kiti kumzidi na hawezi tena kumbusu bila kusita. Watu wa Kaskazini hawamtaki pamoja na yote aliyowapigania. Mtu akikaa na mambo hayo sehemu kumi, tukamwona akianza kuwatazama raia wa kawaida kama wasaliti, tukamwona akilikataa shauri jema kisha akalikataa la pili, tungefika kwenye zile kengele tukiwa tumekaza roho, tunamwomba asifanye na tunajua atafanya. Tulichopewa ni sehemu mbili, na sura isiyolala usingizi.

Na muongozaji Miguel Sapochnik alifanya uamuzi mmoja ambao kwa sinema ni wa kijasiri na kwa hadithi ni wa hasara. Daenerys akisharuka, hatuuoni tena uso wake katika sehemu hiyo. Tunabaki chini na Arya, binti wa Ned, katika majivu, tunamtazama joka kama wanavyomtazama wanaokufa. Kama picha ya vita, ni jambo kubwa; wachache wameonyesha hivyo mji unavyokufa ukiwa chini ya ndege. Lakini mtu tuliyekaa naye miaka minane amefunguliwa mlango wa maangamizi, na mlango ukafungwa tusione ndani. Baada ya kipindi, Weiss na Benioff walieleza kwamba alipoiona Red Keep, nyumba iliyojengwa na ukoo wake ulipokuja nchini, kila alichonyang'anywa kilimrudia, akalifanya jambo kuwa lake binafsi. Maelezo hayo si mabaya. Mahali pake palikuwa ndani ya tamthilia.

Walioumia zaidi, na wana haki, ni wanawake waliomfuata tangu alipouzwa kwa mume akiwa binti mwoga. Mwaka 2018 peke yake zaidi ya watoto wa kike 500 nchini Marekani walipewa jina Khaleesi, cheo alichoitwa Daenerys. Wazazi hao hawakuwa wajinga. Walimwona msichana asiye na chochote akijifunza kuamuru, akavunja minyororo ya watumwa, wakampa binti yao jina lenye tumaini hilo. Kuwaambia leo kwamba walipaswa kusoma dalili ni kuwabebesha wao mzigo wa waandishi.

Kisa cha Jaime Lannister, pacha na mpenzi wa Cersei, kinaniuma kuliko hata cha Daenerys, ingawa hakizungumzwi sana. Msimu wa tatu, akiwa ameshakatwa mkono, ameketi kwenye birika la maji ya moto huko Harrenhal pamoja na mpiganaji wa kike Brienne, na kwa mara ya kwanza maishani anaeleza kwa nini alimuua mfalme aliyekula kiapo cha kumlinda. Mfalme Aerys alikuwa amefukia moto wa kijani chini ya mji mzima, na aliamuru uwashwe. Jaime alimuua ili kuwaokoa wakazi wa King's Landing, mamia ya maelfu ya watu, kisha akanyamaza, akaitwa Muuaji wa Mfalme maisha yake yote. Anasimulia mpaka anazirai. Kuanzia hapo tunamwona mtu mwingine kabisa. Katika sehemu ya pili ya msimu wa nane, iliyoandikwa na Bryan Cogman, anamwapisha Brienne kuwa askari wa heshima, usiku kabla ya vita, na hiyo ni miongoni mwa saa bora kabisa za tamthilia nzima.

Sehemu mbili baadaye anamwacha Brienne akilia uani na kurudi kwa Cersei. Sina ugomvi na hilo. Mapenzi ya namna ile ni ulevi, na mlevi hurudi. Ugomvi wangu ni na sentensi moja anayomwambia ndugu yake Tyrion akiwa kifungoni, kwamba watu wa mji ule, wenye hatia na wasio na hatia, hakuwahi kuwajali sana. Birika la Harrenhal limefutwa kwa sentensi hiyo. Na kuna jambo ambalo ukiliona mara moja huwezi kuacha kuliona: Drogon anapouchoma mji, moto wa kijani unalipuka hapa na pale kutoka chini ya mitaa. Ni ule ule wa Aerys. Jambo ambalo Jaime aliua mfalme ili lisitokee linatokea, yeye yuko hapo hapo mjini, na hakuna anayemruhusu hata kugeuka atazame. Kilichokuwa kiini cha mtu huyu kimepita kama pambo la mlipuko.

Bran, mwana mwingine wa Ned, ni kisa kifupi kwa sababu tamthilia yenyewe ilimfupisha. Hakuonekana hata kidogo msimu wote wa tano. Katika msimu wa saba anamwambia dada yake, Sansa, kwamba hawezi kuwa bwana wa mahali popote. Kisha wakuu wa Westeros wanakaa kwenye kikao, Tyrion anatolewa kifungoni, anatoa hotuba kuhusu nguvu ya hadithi, na Bran anakuwa mfalme. Isaac Hempstead Wright, aliyemwigiza, alisema aliambiwa wazo hilo lilitoka kwa Martin, nami naliamini. Mfalme asiye na tamaa, anayekumbuka yote yaliyowahi kutokea, ni wazo linaloweza kubeba kitabu. Ila katika kikao hicho Sansa anajitangazia uhuru wa Kaskazini na kupewa papo hapo, huku Yara Greyjoy, aliyekuwa ameshaahidiwa uhuru wa visiwa vyake na Daenerys katika msimu wa sita, amekaa hapo hapo kikaoni asidai wa kwake.

Yapo malalamiko ambayo siyaungi mkono. Kikombe cha kahawa kilichosahauliwa mezani Winterfell kilichekesha dunia siku mbili, na hakikuharibu chochote. Giza la vita vya Winterfell, sehemu ya dakika 82 iliyopigwa picha kwa usiku 55, lilikuwa tatizo la kweli kwa wenye televisheni za kawaida na intaneti dhaifu. Mpiga picha Fabian Wagner aliwajibu kwamba televisheni zao hazikurekebishwa vizuri, jibu lisilomsaidia mtu, lakini kazi yake hapo ilikuwa na nia na uzuri. Ombi la kutaka msimu wote utengenezwe upya, lililosainiwa na watu zaidi ya milioni 1.5, lilikosea kwa sababu lilisahau watu wengine. Sophie Turner aliliona ni kuwakosea heshima mafundi waliokesha miezi kadhaa, na alikuwa sahihi. Mavazi ya Michele Clapton, muziki wa Ramin Djawadi, uigizaji wa Emilia Clarke ambaye alibeba maandiko hayo kwa uso wake peke yake: hakuna kilichopungua. Septemba 2019 msimu huo ulipata tuzo 12 za Emmy kati ya uteuzi 32, ikiwemo ya tamthilia bora, na sehemu kubwa ya tuzo hizo ilikwenda kwa mafundi.

Inasemwa pia kwamba hadithi kubwa kiasi hicho isingeweza kumalizika ikaridhisha watu. Historia haiungi mkono hilo. Ni kweli Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes Desemba 1893, wasomaji walilisusia jarida lililomchapisha, na miaka kumi baadaye akalazimika kumfufua. Wale walitaka tu mtu wao arudi. Lakini Breaking Bad iliisha Septemba 2013 na mhusika wake mkuu akiwa maiti sakafuni, familia yake imesambaratika, na watu waliipigia makofi. Six Feet Under, mwaka 2005, iliwaonyesha watazamaji vifo vya wahusika wote wanaowapenda, mmoja baada ya mwingine, na mwisho huo bado unatajwa kati ya miisho bora iliyowahi kuandikwa. Mtazamaji anavumilia msiba, kwa kuwa alishauona ukija.

Ajabu ni kwamba watu hawakuikimbia Westeros. House of the Dragon ilipoanza Agosti 2022 waliifuata kwa mamilioni, na hadithi hiyo ilitokana na kitabu ambacho mwisho wake umeshachapishwa. Kilichobaki wazi ni vitabu vikuu. Martin alipoulizwa kama mwisho wake utafanana na wa tamthilia, alijibu kwa namna ya ndiyo na hapana kwa pamoja, na baadaye akasema kadiri anavyoandika ndivyo njia zinavyozidi kuachana. Tangu 2011 wasomaji wanasubiri The Winds of Winter, na wengi wamekata tamaa.

Mimi nauelewa ugumu wake kupitia mahali alipowaacha watu wake. Daenerys yuko kwenye nyika ya Dothraki, hajawahi kukanyaga Westeros akiwa mtu mzima. Bran yuko pangoni kaskazini, mtoto bado. Jaime amepokea barua ya Cersei inayomsihi aje kumwokoa, ameisoma, na ameagiza itiwe motoni. Ikiwa kweli Bran atatawala, na Daenerys atauchoma mji, na Jaime atarudi kwa mwanamke ambaye barua yake aliichoma, basi kuna mtu mmoja Santa Fe anayelazimika kuandika kila hatua ya kutoka hapa hadi pale, na amekuwa akiziandika kwa zaidi ya miaka kumi.